Bakuli Upande wa Moto

Seoul, 20 Novemba 1971

Dada Geum-sun,

Nimefika salama, nimeanza kazi, na nimepata chumba. Haya matatu nayaweka mwanzoni ili ukimsomea mama, aache kushika kifua.

Ofisi ya maji ni kubwa kuliko shule yetu. Mimi ndiye karani mdogo kuliko wote, meza yangu iko karibu na mlango, na kila anayeingia ananiletea baridi yake. Mkuu wetu anaitwa Bwana Pyo. Hapigi kelele, na hilo ndilo linalonitisha. Chumba amenitafutia yeye, kwa dada wa mke wake, mjane anayekaa huku mlimani nyuma ya soko. Majirani wanamwita Mama Chang-il, nami namwita hivyo hivyo. Nilipomuuliza Bwana Pyo kama chumba hakina shida, alinitazama kana kwamba nimemuuliza kama mke wake ana akili timamu. Sikuuliza tena.

Chumba ni kidogo, kimeshikana na jiko, na mlango wake unapitisha upepo. Hapa hawachomi kuni kama sisi Muju. Wanatumia makaa ya matundu, yaani vumbi la makaa lililoshindiliwa duara, na hayatoi moshi hata kidogo. Ungeyapenda, wewe uliyekuwa ukitokwa na machozi jikoni kila alfajiri. Joto linapita chini ya sakafu kama kwetu, na upande wa jiko karatasi ya sakafu imeungua ikawa rangi ya kahawa, kama pale alipokuwa akikaa bibi. Nilipoiona alama ile niliweka kiganja juu yake, nikabaki nimechuchumaa hivyo, hata koti sijavua.

Sasa kuna jambo la kuchekesha. Jioni ya kwanza nilipotandika niligusa kitu kigumu chini ya blanketi, upande wa moto. Bakuli la shaba lenye kifuniko, limeviringishwa kitambaa, na wali ndani bado unatoa mvuke. Sikuwa nimekula tangu kwenye basi. Nikajiambia, mama huyu ana roho nzuri, nikala wote. Alipokuja kulichukua alisimama mlangoni amelishika kwa mikono miwili, akaangalia ndani kwa muda mrefu. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Kumbe leo umekula."

Nikamshukuru. Tangu siku hiyo bakuli liko pale kila jioni. Mwambie mama sitakonda.

Mdogo wako,
Jong-taek


Muju, 2 Desemba 1971

Karani wetu mheshimiwa,

Barua yako nimeisoma kwa sauti, na mama amenitaka nirudie pale pa wali. Theluji huku imefika kwenye vizingiti. Mahali pangu pa kulala unapajua: upande wa baridi, karibu na mlango, mahali ambapo kitambaa kibichi kikilala usiku mmoja asubuhi kinasimama chenyewe kama ubao. Wewe ulizaliwa mwisho, ukapewa nafasi ubavuni kwa bibi, upande wa moto, kisha ukakua ukidhani dunia nzima ina joto. Sote wanne blanketi moja, miguu inakutana katikati, na yako ndiyo ilikuwa ikipiga mateke.

Unasema mlango wako unapitisha upepo. Mbona karani hajui la kufanya? Fanya kama mama afanyavyo kila majira ya baridi yakikaribia. Kata karatasi vipande virefu, pika uji mzito wa ngano uwe gundi, kisha ziba kila ufa wa mlango na dirisha. Umesahau ile ya kwetu ilivyokuwa ikivuma upepo ukiipiga, nawe ukasema mlango unakoroma? Nimekuwekea karatasi nzuri ndani ya bahasha hii. Usibakize hata ufa mmoja.

Kuhusu bakuli. Mama alifurahi mwanzoni. Halafu akaacha kushona, akauliza, "Lilikuwa la nani?" Nikamwambia la Jong-taek, amesema mwenyewe. Akasema siyo, la nani kabla hajafika.

Unakumbuka la baba. Tangu alipochukuliwa na askari wakati wa vita, hakuna jioni mama aliyoacha kumwekea wali chini ya blanketi. Asubuhi ulikuwa ukichanganywa kwenye uji wa wote, lakini ukiwa umeshapoa. Wa moto hakuula mtu. Siku moja ulipenyeza mkono ukachota, na bibi, ambaye hakuwahi kukugusa hata kwa unyoya, alikupiga kofi mpaka ukasahau kulia. Alisema anayekula wali wa mtu anayesubiriwa amekaa mahali pake.

Mama anataka umuulize mwenye nyumba, kwa adabu, huyo Chang-il yuko wapi.

Dada yako,
Geum-sun


Seoul, 12 Desemba 1971

Dada,

Nimeuliza. Anafanya kazi kiwanda cha kuchapa, zamu ya usiku, anarudi wakati nimelala na kuondoka kabla sijaamka. Ndivyo alivyonijibu Mama Chang-il, bila kusita, huku akimenya vitunguu. Viatu vyake viko kwenye ngazi ya mlango wangu. Vinapigwa rangi kila siku na vinaelekezwa nje, tayari kuvaliwa. Nilijiambia, basi mtu yupo.

Lakini theluji ikianguka, uani asubuhi mna nyayo zangu na za mama huyu tu.

Sijui nile au niache. Jana nililirudisha bakuli likiwa limejaa, nikasema nimeshiba kazini. Alikaa kizingitini akalia kimya kimya, machozi yanaingia kwenye kifuniko. Nikalichukua nikala mbele yake. Akanifuta mdomo kwa kidole gumba. "Siku hizi unachelewa sana," akasema, kisha akaniita kwa jina la mwanawe. Nilidhani atajirekebisha. Hakujirekebisha.

Karatasi yako nimeibandika yote. Chumba sasa kina joto kama tumbo la paka. Ila kichwa kinanigonga kila asubuhi, na miguu inakuwa kama ya mtu mwingine mpaka nifike mtaani nivute hewa. Nitakwambia na hili, nawe usimsomee mama. Ninapokaribia kuamka, kabla ya kufungua macho, huwa nina hakika kuna mtu amelala upande wa moto, amenipa mgongo. Nikinyoosha mkono nakuta sakafu tupu, yenye moto. Ni moto wa makaa, bila shaka. Lakini pembeni kote pamepoa, na palipo na moto ni papana kwa juu na pembamba kwa chini, kama mgongo.

Bwana Pyo ameniuliza kama nalala vizuri. Nikasema ndiyo.

Jong-taek


Muju, 21 Desemba 1971

Mdogo wangu,

Nilipofika pale ulipokataza niliruka, nikaendelea na habari za Bwana Pyo. Mama akaniambia nimevuta pumzi mahali pasipo na nukta. Basi nikamsomea yote.

Hajasema neno tangu jana. Mimi nasema ni upweke. Umezoea kulala watu wanne, sasa uko mmoja, mwili unamtafuta wa pili. Hamia upande wa baridi kwa siku chache, uone. Na hicho kichwa ni cha nini? Kwetu mtu akiumwa kichwa asubuhi ni moshi, na moshi unauona, unakohoa, unakwenda kupaka udongo kwenye ufa. Wewe umesema makaa hayo hayana moshi. Basi sielewi. Uliza watu wa huko.

Mama amefungua mdomo sasa hivi, naandika anavyosema: acha kula.

Geum-sun


Seoul, 4 Januari 1972

Dada,

Nimewauliza watu wa huku.

Jirani mmoja, mwanamke mnene mwenye maneno mengi, alinikuta bombani nikichota maji. Akataka kujua nalala chumba kipi. Nikasema cha jikoni. Akaweka ndoo chini. "Unalala na mlango wazi kidogo, siyo?" Nikamweleza kwamba nimeuziba vizuri, kwa majivuno kabisa, kwamba nimefundishwa nyumbani. Akaniangalia, akawaangalia wenzake, na wote wakaanza kuchota maji haraka haraka.

Nilimfuata mpaka kwake ndipo akasema. Makaa haya hayatoi moshi kwa kuwa moshi wake hauonekani. Ukipata ufa sakafuni unapanda, mtu anaumwa kichwa, anaona vitu, anasinzia, basi. Chang-il alikufa hivyo majira ya baridi ya mwaka juzi, ndani ya chumba hiki, siku ambayo mama yake alikwenda sokoni kununua figili. Na hili ndilo lililonitoa jasho. Aliporudi alimgusa, akamkuta na joto. Amelala upande wa moto, na sakafu ilikuwa ikimpasha. Mama akasema amechoka, acha alale. Akamwekea wali chini ya blanketi, ubavuni kwake, na kila alipopita akamgusa, naye bado ana joto. Alishinda siku nzima hivyo. Waliomchukua ilibidi wazime moto kwanza, ndipo mama akubali kwamba amepoa.

Nilikwenda kwa Bwana Pyo. Niliandaa maneno njia nzima, nikayasema vibaya. Alinisikiliza akichonga penseli. Akasema sakafu imetengenezwa, ameisimamia yeye. Akasema mama yule alikuwa hali, hasemi, na tangu nifike anaoga na kwenda sokoni. Kisha: "Nimekuomba nini kigumu? Kula wali, lala, njoo kazini."

Jioni nilibandua karatasi zote za mlango. Nilipotoka kuoga nikazikuta zimebandikwa upya, gundi bado mbichi. Alikuwa amesimama na brashi mkononi. "Utapata mafua, mwanangu."

Tangu hapo nalala upande wa baridi, uso kwenye pembe ya mlango ambapo nimetoboa tundu kwa kucha. Kila nikirudi tundu limezibwa. Nikiondoka bila ruhusa ya Bwana Pyo sina kazi, na nikirudi Muju bila kazi sina uso. Niambie la kufanya. Wewe huwa unajua.

Jong-taek


Muju, 10 Januari 1972

Jong-taek,

Karatasi ile niliikata mimi. Nilikuwa nikiimba.

Toka humo. Toka na nguo ulizovaa, mengine tutayashona upya. Mama anasema kazi hajaizaa yeye. Kama huwezi kumtazama usoni Bwana Pyo, ondoka bila kumtazama. Ningekuja mwenyewe leo, lakini theluji imefunga njia ya mlimani na basi halipiti. Hata barua hii naipeleka kwa miguu hadi posta, na sijui itakufikia lini.

Mama amelitoa bakuli la baba chini ya blanketi na kuliweka kabatini. Sijawahi kuona hilo tangu nizaliwe. Nilipomuuliza akasema asije akamfundisha mtu asiyesubiriwa njia ya kuingia.

Geum-sun


Seoul, 18 Januari 1972

Dada,

Mimi ni mzima. Naandika nikiwa nimejilaza, ndiyo maana herufi zimelala. Barua yako nimeipata jana.

Jumamosi tuliachwa mapema kazini. Nilikuwa na homa, theluji inayeyuka, anga limeshuka mpaka kwenye paa. Nilijua nisilale upande wa moto. Lakini nilikuwa natetemeka kama mbwa, na nilichotaka ni kuhisi kile nilichokuwa nikihisi ubavuni kwa bibi, kwa dakika chache tu. Nikalala pale. Bakuli lilikuwepo, nikalikumbatia tumboni.

Nakumbuka kwamba kichwa kiliacha kuuma, na kwamba nilifurahi.

Yaliyofuata nimesimuliwa. Mama Chang-il alikuwa akiosha kabichi uani. Akasikia mtu akiita, "Mama, fungua." Akaacha kila kitu akakimbilia lango la nje, akalifungua, akakuta njia tupu. Alipogeuka kurudi ndipo akautazama mlango wangu uliozibwa, akauvuta mpaka karatasi zikapasuka. Alinishika miguu akaniburuta hadi uani, akanilaza uso kwenye udongo wenye theluji, na kuninywesha maji ya figili za chumvi, ambayo huku ndiyo dawa ya moshi huo, mpaka nikatapika. Mwanamke mdogo kama yule. Jirani anasema alikuwa akiniburuta huku akinitukana kwa jina langu mwenyewe, Jong-taek, kwa mara ya kwanza.

Sasa anamwambia kila mtu kwamba Chang-il amerudi na kuita langoni. Kila mtu anaitikia, kwa sababu nimepona. Nilipoweza kusema, alinikalia karibu akaniuliza, "Na wewe ulimsikia?" Nikasema nilimsikia. Akauliza, langoni? Nikasema ndiyo, langoni.

Bwana Pyo alikuja akiwa amebeba peasi, hakukaa. Amesema kazi yangu ipo na chumba hakitapangishwa tena. Nalala kwa karani mwenzangu.

Jong-taek


Muju, 24 Januari 1972

Mdogo wangu,

Mama alilia, akacheka, akamwendea jirani kumwomba kuku. Kisha akarudi na kuniambia nikuandikie swali moja, na nisiongeze la kwangu.

Swali ni hili. Sauti uliisikia kweli langoni?

Geum-sun


Seoul, 31 Januari 1972

Dada,

Mwambie mama hapana.

Niliisikia ndani. Ilitoka nyuma ya shingo yangu, upande wa moto, karibu kiasi kwamba niliihisi ikipasha sikio. Haikuwa sauti ya mtu anayetaka kuingia. Nilimdanganya Mama Chang-il kwa sababu alikuwa ananitazama kama mtoto anayesubiri kupewa kitu. Nilidhani uongo huo haumdhuru mtu.

Juzi nilikwenda kuchukua nguo zangu. Lango lilikuwa wazi kabisa, limezuiwa kwa jiwe. Mlango wa uani wazi, wa jiko wazi, wa chumba chake wazi, na upepo unapita ndani ya nyumba kama mwenye nyumba. Moto umezimika. Mama Chang-il amekaa kwenye sakafu baridi, amejifunika shali moja, midomo ya bluu, anatazama njia. Jirani alinieleza kwamba yuko hivyo tangu nimwambie. Anasema mwanawe aliita langoni akakuta limefungwa, akaenda zake. Hatalifunga tena. Wakilifunga wao, analifungua. Daktari amesema mapafu yake hayatafika mwisho wa wiki katika baridi hii.

Dada, unajua mimi ni mwoga. Nilisimama uani muda mrefu nimeshika mzigo wangu. Kisha nikaingia, nikapiga magoti, nikamwambia kwamba nilisema uongo. Kwamba sauti haikuwa langoni. Kwamba ilikuwa ndani ya chumba, imelala pale alipolala siku ile, na ilichokuwa ikiomba ni kufunguliwa mlango ili itoke.

Hakunipiga. Halafu akasema, "Kumbe miaka yote hii alikuwa ndani." Nikasema ndiyo. "Nami nimembandikia karatasi." Kisha akasema, "Lakini nilifungua." Nikamwambia, "Ndiyo, Mama. Ulifungua."

Akainuka mwenyewe. Akaenda akaliondoa jiwe, akafunga lango, akafunga milango mmoja mmoja, akaniomba nimsaidie kuwasha moto chumbani kwake. Tukawasha. Sakafu ilipoanza kupata joto aliweka viganja vyake juu yake, na rangi ikamrudia midomoni. Jirani analala naye sasa, dirisha limeachwa wazi kidogo. Naamini ataishi.

Kuna jambo moja sikumwambia, na wewe nakwambia. Sauti ile sina hakika ilikuwa ya nani. Inawezekana ni mimi niliyeita. Sikumbuki kuita, lakini sikumbuki mambo mengi, na mtu akiwa anakufa nadhani anamwita mama, na aliyekuwa karibu alikuwa mama wa mwingine. Nimejaribu kuyatamka maneno yale peke yangu, nilinganishe. Yananitoka kwa lafudhi ya Seoul, wala si ya kwetu.

Nilipoaga alinisindikiza hadi kizingitini. Viatu vya Chang-il havikuwepo tena kwenye ngazi. Alinishika kidevu, akanigeuza uso kwenye mwanga, huku na huku, kama mtu anayekagua tikitimaji sokoni. Hakuwa na wazimu machoni, Dada. Alikuwa mtulivu kuliko siku zote.

"Mlikuwa wawili mle ndani," akasema, "nami nilimburuta mmoja. Nilikuwa na haraka, sikuangalia."

Nikacheka, kwa hofu. Yeye hakucheka.

Bwana Pyo amenipa likizo ya mwaka mpya wa kalenda ya mwezi, na wanasema njia ya mlimani imefunguliwa. Nitapanda basi la kwanza. Mwambie mama asije kituoni akaniita kwa mbali. Anisubiri nyumbani, anikalishe mahali penye mwanga, anitazame vizuri, taratibu, kwa muda wote atakaoutaka. Akishakuwa na hakika, ndipo aniite jina.

Mdogo wako, naamini,
Jong-taek